Kuku wa Sekunde Moja: Uchambuzi wa Kisa cha Watazamaji Thelathini na Kitu

Filamu iliyozaa kisa hiki ilikuwa ya dakika tano hivi, na ilionyeshwa kwa wanakijiji wa Kiafrika. Ilimwonyesha mfanyakazi wa usafi akitembea polepole kijijini, akaona kopo lenye maji yaliyotuama, akaliinua, akayamwaga maji kwa uangalifu mkubwa, akayasugua ardhini ili mbu wasipate pa kuzalia, kisha akaliweka kopo ndani ya kapu lililokuwa mgongoni mwa punda. Makopo yaliyosalia yalikusanywa kwa namna hiyohiyo, yakaenda kufukiwa. Aliyeitengeneza alikuwa bwana afya, na alitaka kila kaya ijifunze kuondoa maji yaliyotuama ili kuzuia mbu. Filamu ilipokwisha, watazamaji wake, watu thelathini na kitu, waliulizwa wameona nini. Wakajibu kwamba wameona kuku.

Waliouliza walipigwa na butwaa, kwa sababu hawakujua kwamba ndani ya filamu yao mlikuwa na kuku. Waliurudia mkanda na kuukagua picha moja baada ya nyingine, na kweli wakamkuta: kuku aliyeshtushwa na mtu, akaruka na kupita kwenye pembe ya chini, upande wa kulia, kwa muda wa sekunde moja hivi. Tukichukua kasi ya picha 24 kwa sekunde, dakika tano ni picha 7,200, na kuku yule alikuwamo katika picha kama 24 tu kati ya hizo. Tukichukua kasi ya picha 16, iliyokuwa ya kawaida kwa filamu zisizo na sauti, alikuwamo katika picha 16 kati ya 4,800. Kwa hesabu yoyote ile, kuku alipewa sehemu moja kati ya mia tatu ya filamu, tena pembeni, na bado ndiye aliyetajwa kwanza.

Msimulizi wa kisa hiki ni John Wilson wa taasisi ya masuala ya Afrika katika Chuo Kikuu cha London, ambaye alikuwa akieleza matatizo waliyoyapata katika kutumia filamu kuwafundisha kusoma Waafrika wasiojua kusoma. Maelezo yake yalichapishwa Kanada mwaka 1961. Mwaka uliofuata, Marshall McLuhan, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Toronto aliyekuja kuwa mashuhuri kwa maandishi yake juu ya vyombo vya habari, aliyanukuu kwa urefu katika kitabu chake The Gutenberg Galaxy, chini ya kichwa kinachosema kwamba jamii zisizojua kusoma haziwezi kuona filamu wala picha bila ya mafunzo mengi. Kutoka hapo kuku yule akaingia vyuoni na katika vitabu vya mawasiliano, na amekuwa akisimuliwa tangu hapo kama ushahidi juu ya macho ya Mwafrika wa kijijini.

Nakichukua kisa hiki kwa uzito, na sioni sababu ya kukikana. Naamini kwamba filamu ilikuwapo, kuku alikuwapo, na jibu lilitolewa. Ninachokataa ni tafsiri iliyobandikwa juu yake. Watazamaji wale walijibu vizuri swali waliloulizwa, kuhusu filamu waliyoonyeshwa, na ukiyafuata maneno ya Wilson mwenyewe hadi mwisho, walioshindwa kuona katika kisa hiki ni watu wengine kabisa.

Swali na jibu

Mazungumzo ya Wilson hayakuishia pale ambapo wasimulizi wengi huishia. Baada ya kumaliza habari ya kuku aliulizwa maswali ya ziada, na ndani ya majibu yake kisa kinaanza kubadilika sura. Aliulizwa kama kweli aliamini kwamba watu wale hawakuona kitu kingine chochote isipokuwa kuku. Alijibu kwamba wao waliuliza tu: mmeona nini katika filamu hii? Akaulizwa kama hakuna hata mmoja aliyetoa jibu jingine. Alisema kwamba hilo la kuku lilikuwa jibu la kwanza, la haraka. Akaulizwa tena: je, mtu hawakumwona? Akakiri kwamba walipodadisiwa zaidi, ilionekana kwamba mtu pia walimwona. Ila, kwa maneno yake, hawakuwa wameunganisha yale waliyoyaona yakawa hadithi moja.

Basi tuyaweke wazi haya kabla ya kwenda mbele, kwa kuwa uzito wote wa kisa umesimama hapa. Kuna madai mawili tofauti kabisa: kwamba watu waliona kuku peke yake, na kwamba watu walimtaja kuku kwanza. Dai la kwanza ni juu ya macho. Dai la pili ni juu ya mazungumzo. Ushahidi wa Wilson unathibitisha la pili, lakini kilichosafiri duniani ni la kwanza.

Kila aliyelelewa katika lugha hii anajua swali kama hilo hujibiwaje. Mtoto akirudi kutoka sokoni, bibi yake akamuuliza, "Huko sokoni umeona nini?", hakuna mtoto atakayejibu kwamba ameona watu, ameona mbao za wachuuzi, ameona nyanya. Bibi anayajua hayo yote. Mtoto atasema kwamba ameona gari limepinduka, au mwizi amekamatwa, au nyani amefungwa kamba. Swali la "umeona nini" ni ombi la habari, na habari ni kile ambacho muulizaji hakijui au hakukitarajia. Kuorodhesha yale ambayo muulizaji anayafahamu fika kungekuwa ni kumpotezea wakati, na pengine hata kumdharau. Wale waliotengeneza filamu walijua kwamba ndani yake kuna mtu, kuna makopo na kuna punda, maana wao ndio waliowaweka. Watazamaji walijua kwamba wanajua. Kilichobaki cha kuwaambia kilikuwa kimoja tu, nacho ni kuku; na kweli waulizaji hawakuwa na habari naye. Sijui jibu gani lingeweza kuwa sahihi zaidi.

Jambo jingine ni kwamba hawa walikuwa kundi, si watu waliohojiwa mmoja mmoja chumbani. Wilson anaeleza swali lililotupwa kwa hadhira na jibu lililokuja upesi. Katika baraza la watu thelathini, mbele ya mgeni mwenye cheo, jibu la kwanza hutolewa na mwenye ulimi mwepesi, mara nyingi kijana, na wengine hulipokea kwa sababu lina raha ndani yake. Ukitaka kujua kila mtu ameelewa nini juu ya maji yaliyotuama, humpati kwa njia hiyo, wala hutampata kwa swali hilo. Ungemwuliza mmoja mmoja: kwa nini yule bwana alimwaga maji? Kwa nini alilifukia kopo? Hayo ndiyo maswali ya hadithi, na kwa kadiri ya maelezo ya Wilson, hayakuwa ndiyo yaliyoulizwa kwanza.

Upole uliomtoa kuku mbele

Sehemu hii ndiyo inayonigusa zaidi, kwa sababu inaonyesha jinsi dawa inavyoweza kuwa chanzo cha ugonjwa, kisha ugonjwa ukatumiwa kuongeza dawa ileile.

Filamu ile ilitengenezwa kwa mwendo wa polepole sana, na upole huo haukuwa wa bahati mbaya. Ulikuwa kanuni. William Sellers, ambaye alianza kazi hii katika idara ya afya ya Nigeria na baadaye akaongoza kitengo cha filamu cha makoloni kilichoundwa na serikali ya Uingereza mwaka 1939, alishikilia kwamba filamu kwa ajili ya Waafrika wa vijijini lazima iwe ya taratibu, kila tendo lionyeshwe kikamilifu, picha zisikatwekatwe, wala pasiwe na hila za kamera. Msingi wa kanuni hiyo ulikuwa imani kwamba mtazamaji huyu hawezi kufuata mwendo wa kawaida wa filamu. Bwana afya wetu alitengeneza kwa roho hiyohiyo: mtu anakwenda polepole, anainama polepole, anamimina polepole.

Sasa fikiria umekaa gizani mbele ya picha ya namna hiyo. Dakika ya kwanza umeelewa: bwana anaokota makopo. Dakika ya pili anaokota jingine. Dakika ya tatu hakuna jipya. Katika utulivu huo wote, ghafla kitu kinapiga mabawa pembeni. Jicho la binadamu limeumbwa hivyo. Sehemu za kandokando za retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hazioni vizuri umbo wala rangi, lakini ni hodari wa kunasa mtikisiko wa ghafla, na ukitokea, macho hugeuka kabla ya mwenyewe kuamua. Kadiri vitu vingine vilivyo vitulivu, ndivyo mtikisiko mmoja unavyokuwa mkubwa. Laiti filamu ile ingekuwa na mwendo wa kawaida, yenye watu wanaotembea kama watu, kuku angepotea ndani ya shughuli za kijiji kama kuku wote wanavyopotea. Ni upole ule, uliobuniwa kwa ajili ya udhaifu wa kudhaniwa wa mtazamaji, uliomtengenezea kuku jukwaa.

Wilson hakuwa mbali na ukweli huu. Miongoni mwa nadharia walizozifikiria alitaja kwamba huenda ni ule mwendo wa ghafla wa kuku, kwa kuwa mengine yote yalifanywa taratibu, na kwamba huenda kuku ndiye aliyekuwa kipande pekee cha uhalisia kwa watazamaji. Nadharia nyingine ilikuwa kwamba kuku ana maana ya kidini, nao wakaitupa kando, na walifanya vyema. Ile ya mwendo wa ghafla ilitosha kabisa kuelezea kila kitu. Inasikitisha kwamba hawakubaki nayo.

Kuna mfano wa zamani zaidi unaonifanya niamini kwamba hakuna jambo la Kiafrika hapa. Tarehe 28 Desemba 1895, katika ukumbi ulio chini ya Grand Café mjini Paris, ndugu Auguste na Louis Lumière walionyesha filamu zao fupi mbele ya watu waliolipa kiingilio, na hesabu inayotajwa siku zote kwa siku hiyo ya kwanza ni watu 33, yaani thelathini na kitu, kama wale wa kijijini. Moja ya filamu hizo inamwonyesha Auguste na mkewe wakimlisha mtoto wao mchanga bustanini. Mtoto ndiye shabaha ya picha. Amewekwa katikati, analishwa, anapendeza. Lakini katika historia ya sinema kumbukumbu inayorudiwa ni kwamba watazamaji wengi, naye Georges Méliès, aliyekuja kuwa mtengenezaji filamu mashuhuri, akitajwa miongoni mwao, walivutiwa na majani ya miti yaliyokuwa yakitikiswa na upepo nyuma ya meza. Hakuna aliyeyapanga majani yale. Yalikuwa yakicheza yenyewe, na Wafaransa wale, waliosoma na kuzoea picha za kila aina, waliyaona na kuyasimulia. Tofauti ni kwamba majani ya Paris yamebaki katika vitabu kama dalili ya mtazamaji mwenye jicho jepesi, ilhali kuku wa kijijini ameandikwa kama dalili ya mtazamaji asiyejua kutazama.

Kopo na thamani yake

Wachambuzi wengi wa kisa hiki humtazama kuku tu. Mimi naomba tulitazame kopo.

Katika vijiji vingi vya Afrika ya wakati huo kopo tupu halikuwa takataka. Lilikuwa chombo. Lilichotewa maji, lilipimiwa nafaka, lilihifadhiwa mbegu, na mikononi mwa fundi liligeuzwa koroboi ya kuangazia nyumba. Debe la mafuta lilikuwa kipimo cha biashara, na hata leo masokoni kwetu mahindi hupimwa kwa debe. Sasa anatokea bwana na punda wake, anakusanya makopo mazima ya watu na kwenda kuyafukia. Mwenye kopo akiona hivyo atauliza maswali mengi kabla ya kufika kwenye mbu: Hilo ni kopo la nani? Ameruhusiwa na nani? Kwa nini asiligeuze tu kichwa chini? Mfanyakazi wa usafi anayezunguka na kapu ni mtu wa mjini, wa mitaa ya manispaa. Wilson mwenyewe alimfananisha na yule mwokota karatasi wa bustanini mwenye fimbo ya ncha. Hadithi ambayo watazamaji wanasemekana hawakuiunganisha haikuwa hadithi ya kijiji chao.

Na tena, kiungo kikuu cha hadithi hiyo hakionekani kwa macho. Kati ya maji ya kopo na mtu aliyelala na homa kuna yai la mbu, kiluwiluwi, buu, kisha mbu mzima, safari inayochukua wiki moja au mbili, na baada yake tena kuna siku za vijidudu kukua ndani ya mbu na siku nyingine ndani ya mtu. Kumwaga maji ya kopo hakumwonyeshi mtu lolote kati ya hayo. Anayejua sababu huiona katika tendo, kwa kuwa ameingia nayo. Asiyeijua huona maji yakimwagwa. Si hilo tu. Maji ya makopo hupendwa zaidi na mbu wa jamii ya Aedes, waenezao homa ya manjano na dengi, ilhali mbu wakuu wa malaria barani Afrika, jamii ya Anopheles gambiae, hupenda zaidi vidimbwi vilivyo wazi juani. Filamu ilikuwa na somo la kukausha madimbwi pia, lakini tendo ambalo Wilson alilieleza kwa urefu kuliko yote ni la kopo.

Kuku, kwa upande wake, ni mali. Kuku akishtuka kijijini akaruka kwa kelele, kila aliye jirani huinua kichwa, kwa maana huenda ni mwewe, huenda ni kicheche, huenda ni mwizi, huenda ni mgeni amefika na kuku mwenyewe ndiye kitoweo. Huo ni ujuzi wa kazi, kama ule wa dereva anayesikia mlio wa injini uliobadilika wakati abiria wake wanazungumza. Ndani ya dakika tano za kopo na punda, kuku aliyeruka ndiye tukio lililouliza swali ambalo watazamaji walikuwa na uwezo na haja ya kulijibu.

Nani hakuona?

Narudi sasa kwenye jambo ambalo Wilson alilisema kwa unyoofu mkubwa, na ambalo nadhani ndilo kiini cha kisa: wao hawakujua kwamba kuku yumo hadi walipoukagua mkanda kwa makini. Watu hawa walikuwa wameipiga filamu, wameiunganisha, wameitazama kabla ya kuionyesha, na pengine mara nyingi. Muda wote huo kuku alipita mbele ya macho yao, nao hawakumwona.

Mwaka 1999, Daniel Simons na Christopher Chabris, waliokuwa Chuo Kikuu cha Harvard, walichapisha jaribio ambalo sasa linajulikana dunia nzima. Waliwaonyesha watu video fupi ya vijana wenye fulana nyeupe na wenye fulana nyeusi wakirushiana mipira ya kikapu, wakawapa kazi ya kuhesabu pasi za timu moja. Katikati ya mchezo mtu aliyevaa vazi la sokwe aliingia, akasimama, akajipiga kifua, akatoka. Alionekana kwa sekunde tisa hivi. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Hawa walikuwa watu wa chuo, waliokulia kwenye televisheni na sinema. Mwaka 2013 watafiti wengine waliweka picha ndogo ya sokwe ndani ya picha za mapafu, wakawapa madaktari 24 wa radiolojia watafute vinundu vya saratani. Madaktari 20 kati yao hawakumwona sokwe. Mwenye kazi ya kutafuta kitu fulani hupofuka kwa vitu vingine, na hata ujuzi wa kazi haumkingi kabisa na upofu huo.

Bwana afya na wenzake walikuwa na kazi. Walitazama filamu yao wakiangalia kama kopo limeonekana, kama maji yamemwagwa vizuri, kama punda amesimama mahali pake. Wanakijiji hawakupewa kazi yoyote. Waliambiwa watazame, wakatazama picha yote pamoja na pembe zake. Mwanasaikolojia wa Kirusi Alfred Yarbus, aliyefuatilia miendo ya macho ya watu waliokuwa wakitazama mchoro mmoja, alionyesha katika miaka ya 1960 kwamba njia ya macho hubadilika kulingana na swali alilopewa mtazamaji: ukimwuliza umri wa watu waliochorwa, macho huenda kwenye nyuso; ukimwuliza hali ya mali yao, huenda kwenye samani na mavazi. Watazamaji wa kijijini waliulizwa baada ya filamu, si kabla. Laiti wangeambiwa mwanzoni, "Mtazameni huyu bwana, mhesabu amemwaga makopo mangapi," naamini wengi wangehesabu sawasawa, na kuku angebaki salama pembeni bila ya kutajwa na mtu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na McLuhan waziwazi. Wilson aliripoti kwamba waliambiwa na msanii na mtaalamu wa macho kuwa mtazamaji aliyezoea filamu hulenga macho yake mbele kidogo ya skrini ili aipate picha nzima kwa pamoja, ilhali wanakijiji waliikagua picha kipande kwa kipande. McLuhan akajenga juu ya hilo hoja kwamba kujua kusoma ndiko kunakompa mtu uwezo huo. Lakini jicho la msomi nalo halioni picha nzima kwa mara moja. Sehemu ya katikati ya retina iwezayo kuona kwa ukali ni ndogo mno, na macho ya kila mtu huruka mara tatu hivi kwa sekunde kutoka nukta hadi nukta, iwe ni profesa au mchungaji wa mbuzi. Picha nzima tunayodhani tunaiona hujengwa na akili kutokana na miruko hiyo na kutokana na matarajio yetu. Tofauti kati ya makundi mawili ilikuwa katika matarajio, na matarajio hufundishika kwa kutazama filamu.

Ushahidi wa hilo ulikuwa umejaa katika miji ya pwani yetu. Zanzibar ilikuwa na ukumbi wa Royal Cinema pale Vuga tangu mwaka 1921. Kufikia miaka ya 1950, watazamaji wa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam walikuwa wakikaa saa karibu tatu mbele ya filamu za Kihindi zenye nyimbo, mikasa, utengano wa ndugu na makutano ya mwishoni, wengi wao bila ya kujua Kihindi, nao wakitoka wanaweza kukusimulia kisa chote na kubishana juu ya haki na kosa la kila mhusika. Wengi wa watazamaji hao hawakuwa wamekaa sana madarasani. Huko hakuna aliyeripoti kwamba wameona kuku.

Bara nako kulikuwa na majaribio. Kati ya mwaka 1935 na 1937, pale Vugiri katika milima ya Usambara, mradi uliosimamiwa na Baraza la Kimataifa la Wamisionari kwa fedha za Carnegie Corporation ulitengeneza filamu 35 juu ya kilimo, afya, akiba na mengineyo, ukazizungusha kwa lori Afrika Mashariki hadi Nyasaland, yaani Malawi ya leo. Maelezo ya sauti yaliwekwa katika santuri ili filamu moja iweze kusemeshwa kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo. Sitaki kuupamba mradi ule, kwa kuwa nao ulibeba dharau zake. Lakini waliofikiria santuri walitambua kwamba mtazamaji anahitaji kuambiwa kwa lugha yake atazame nini na kwa nini. Anayeingia leo katika kibanda cha video, akamsikia mfasiri akiingilia filamu ya Kichina kwa Kiswahili na kuwaelekeza watu kwenye jambo dogo lililo kona ya picha, anasikia kazi hiyohiyo ikifanywa, tena kwa ustadi zaidi.

Haki inanidai niseme pia kwamba Wilson alijifunza kitu kutoka kwa watazamaji wake. Alieleza kwamba mtu akitoka ukingoni mwa picha, hadhira ilitaka kujua amekwenda wapi. Hawakuridhika kwamba ameondoka tu kwa sababu hadithi haimhitaji tena, ikawabidi watengenezaji wamfuate kwa kamera hadi apinde kona na kupotea kwa njia ya kawaida. Kutokana na hayo alifikia kutambua kwamba filamu, ingawa inaonekana kama uhalisia mtupu, ni mkusanyiko wa desturi zilizokubaliwa na watu fulani. Huo ni utambuzi mkubwa. Laiti ndio ungekuwa kichwa cha sura katika kitabu cha McLuhan, kisa hiki kingefundishwa leo kama somo juu ya watengenezaji filamu.

Nabaki na jambo moja dogo katika maelezo ya Wilson, ambalo hakulifuatilia. Alisema kwamba kuku yule alikuwa ameshtushwa na mtu. Mfanyakazi wa usafi alikuwa akienda kwa hatua za kupimwa, na kila mwendo wake ulikuwa umepangwa. Mtu wa namna hiyo hamrushi kuku. Penye kamera, hata hivyo, huwapo watu nyuma yake, wanaobeba vifaa na kusukuma punda asogee. Yaelekea mmoja wao alimkanyagia kuku njia. Kama ndivyo, basi katika dakika tano zile za matendo yaliyoelekezwa, mruko wa kuku ulikuwa tukio pekee lililotokea kwa kweli kijijini siku ile, na ulikuwa alama pekee ndani ya picha ya kuwapo kwa wapiga picha wenyewe. Watu thelathini na kitu waliiona alama hiyo, wakaisema kwa sauti, na aliyeuliza hakuwarudishia swali lililofuata kwa kawaida: huyo kuku alikuwa anamkimbia nani?